Akili hupimwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu akili na IQ

Mzazi anakabidhiwa karatasi. Juu kuna jina la mtoto, chini kuna alama ya kipimo cha akili, yaani IQ: 92. Anaisoma mara mbili, kisha anauliza swali ambalo karibu kila mzazi huliuliza: "Kwa hiyo ana akili au hana?" Karatasi haijibu swali hilo, wala haikutengenezwa kulijibu. Majibu yafuatayo ni kwa ajili ya mzazi huyo, mwalimu wa mtoto wake, mwanafunzi anayeanza kusoma saikolojia, na yeyote aliyewahi kutajiwa namba yake akabaki nayo moyoni kwa miaka.

Wanasaikolojia wanaposema "akili", wanamaanisha nini?

Kiswahili chenyewe kinatuonya kwamba jambo hili si jepesi. Tuna akili, lakini pia tuna werevu, busara, hekima, maarifa na ujanja, na kila neno lina mahali pake. Mtu anaweza kuwa mwerevu wa hesabu akakosa busara ya kunyamaza inapobidi. Tena wahenga walishasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wanasaikolojia nao wamehangaika vivyo hivyo. Mwaka 1921 jarida moja la saikolojia ya elimu nchini Marekani liliwataka watafiti mashuhuri waeleze akili ni kitu gani, na kila mmoja akaja na lake. Mwaka 1986 Robert Sternberg na Douglas Detterman waliwauliza tena wataalamu wapatao 24. Miaka 65 ilikuwa imepita na bado hapakupatikana fasili moja.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo hayakosekani katika majibu yao: kufikiri na kuona mambo yanavyohusiana, kujifunza kutokana na yaliyokupata, kutatua tatizo ambalo hujawahi kukutana nalo, na kuyamudu mazingira unamoishi. David Wechsler, ambaye vipimo vyake ndivyo vinavyotumika zaidi hadi leo, alisema akili ni uwezo wa jumla wa mtu kutenda kwa makusudi, kufikiri kwa mantiki na kukabiliana vyema na mazingira yake. Naipenda fasili hii kwa sababu inaanza na kutenda. Ndani yake kuna mtu mzima anayeishi, hakuna kichwa kinachoelea peke yake.

Edwin Boring aliandika mwaka 1923 kwamba akili ni kile kinachopimwa na vipimo vya akili. Wapo wanaoichukulia kauli hiyo kama kejeli. Mimi naichukulia kama tahadhari ya maana sana: kipimo kinajua kile tu kilichouliza.

Akili ni kitu kimoja au ni vingi?

Huu ndio mjadala mkongwe kuliko yote katika uwanja huu, na bado haujafungwa.

Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman alizichunguza alama za wanafunzi katika masomo mbalimbali akaona jambo la kushangaza. Waliofanya vizuri katika lugha walielekea kufanya vizuri katika hesabu, na hata katika kutofautisha sauti zinazokaribiana. Si kila mmoja, ila mwelekeo ulikuwepo bila shaka. Kwa hesabu alizozibuni mwenyewe alihitimisha kwamba nyuma ya kazi zote za kichwa kuna kitu kimoja cha pamoja, akakipa herufi moja tu: g. Juu ya hicho, kila kazi ina ustadi wake mahususi.

Louis Thurstone wa Chicago hakuridhika. Mwaka 1938 alitoa orodha ya uwezo wa msingi saba: kuelewa maneno, wepesi wa kutoa maneno, hesabu, kuona maumbo na nafasi, kumbukumbu, kasi ya kutambua vitu kwa macho, na kujenga hoja. Kwake, kumpa mtu namba moja ni kama kumweleza mtu kwa urefu wake pekee.

Baadaye Raymond Cattell, na mwanafunzi wake John Horn, walileta mgawanyo ambao naona unamsaidia msomaji wa kawaida kuliko mingine. Kuna akili ya kutatua jipya: umepewa fumbo ambalo hujapata kuliona na hakuna somo la kukusaidia. Na kuna akili ya akiba: msamiati, maarifa na mbinu ulizoweka kichwani kwa miaka mingi. Kijana wa miaka 20 atamshinda babu yake kwenye fumbo jipya. Babu atamshinda kijana kwenye maana za maneno. Nani ana akili zaidi? Inategemea umeuliza nini.

Mwaka 1993 John Carroll alikusanya zaidi ya seti 460 za takwimu zilizopatikana kwa miongo kadhaa, akazichambua upya moja baada ya nyingine. Picha aliyoipata ina ngazi tatu. Chini kuna stadi ndogondogo nyingi, katikati kuna makundi machache mapana, na juu kabisa kuna g ya Spearman. Vipimo vingi vya leo vimejengwa juu ya ramani hiyo. Kwa maana fulani, Spearman na Thurstone wote walikuwa wameona kweli, ila kila mmoja alisimama ngazi tofauti.

Na zile "akili nyingi" za Howard Gardner?

Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, alizitangaza mwaka 1983: akili ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya nafasi, ya muziki, ya mwili, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa. Baadaye akaongeza ya kuelewa viumbe na mazingira, zikawa 8. Walimu wengi waliipokea kwa mikono miwili kwa sababu iliwapa lugha ya kumthamini mtoto mwenye kipaji nje ya daftari.

Nia hiyo naiheshimu. Lakini ushahidi wake ni mdogo. Gardner hakutoa vipimo vya kuthibitisha kwamba akili hizo zinajitegemea, na pale watafiti walipojaribu kuzipima, zile zinazohusu kufikiri ziliendelea kwenda pamoja, kama Spearman alivyoona. Mtoto anayecheza ngoma kwa ustadi ana kipaji kikubwa. Hakihitaji kuitwa akili ndipo kiheshimiwe.

Nani alianza kupima akili?

Wa kwanza kujaribu kwa vyombo alikuwa Francis Galton. Mwaka 1884, katika maonyesho ya afya jijini London, alifungua maabara ambako mtu alilipa senti tatu za Kiingereza akapimwa nguvu za mkono, ukali wa macho na masikio, na wepesi wa kuitikia ishara. Zaidi ya watu 9,000 walipita hapo. Galton aliamini kwamba akili inaingia kwa milango ya fahamu, kwa hiyo mwenye fahamu kali angekuwa na akili kali. Mwaka 1901 Clark Wissler alilipima wazo la namna hiyo kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia, New York, na kukuta vipimo vya wepesi havikuhusiana na alama zao za masomo. Mlango huo ukafungwa kwa muda.

Aliyefungua mwingine ni Mfaransa Alfred Binet. Ufaransa ilikuwa imefanya elimu kuwa ya lazima, na madarasani walikuwemo watoto walioshindwa kwenda na wenzao. Walimu waliwataja kwa kuwakadiria tu kwa macho: huyu mzito, yule mkaidi. Mwaka 1904 serikali iliunda tume kutafuta njia ya haki zaidi ya kuwatambua wanaohitaji msaada, na mwaka uliofuata Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo chenye maswali 30, kuanzia jepesi hadi gumu. La kwanza lilikuwa kufuata kwa macho kijiti cha kiberiti kinachowaka. Mbele kidogo mtoto alitakiwa kurudia tarakimu tatu. Mbele zaidi aliulizwa: nzi na kipepeo wanatofautianaje? Mbao na kioo je?

Maswali hayo yanaonekana ya kawaida mno, lakini ndiyo yaliyobadilisha kila kitu. Galton alipima masikio. Binet aliuliza fikra. Mwaka 1908 aliyapanga kwa umri, ili mwalimu aweze kusema mtoto huyu anajibu kama watoto wengi wa miaka saba.

Kuna jambo ambalo natamani kila anayetumia vipimo hivi alijue. Binet hakuamini kwamba amepima kiasi cha akili kilichokaa ndani ya mtoto bila kubadilika. Alipinga waziwazi wale waliosema akili ya mtu haiongezeki, na alitunga mazoezi ya kuwasaidia watoto waliobaki nyuma wajifunze kutulia, kusikiliza na kukumbuka. Alifariki mwaka 1911, kabla ya kuona kipimo chake kilivyotumiwa ng'ambo ya bahari.

IQ ni nini hasa?

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili wa mtoto, yaani umri ambao majibu yake yanalingana nao, ugawanywe kwa umri wake wa kuzaliwa. Ndiko lilikotoka jina IQ, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgawanyo wa akili. Lewis Terman wa chuo kikuu cha Stanford, alipotoa toleo lake la kipimo cha Binet mwaka 1916, alizidisha jibu kwa 100 ili kuondoa desimali. Mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 anapata 10 kugawanya kwa 8, mara 100: yaani 125.

Hesabu hiyo ilifaa kwa watoto tu. Umri unaongezeka kila mwaka, lakini uwezo wa kujibu maswali haupandi hivyo kati ya miaka 30 na 60. Mtu wa miaka 40 anayejibu kama wa miaka 20 angepewa 50, jambo lisilo na maana yoyote.

Wechsler, aliyefanya kazi katika hospitali ya Bellevue jijini New York, aliiacha hesabu hiyo katika kipimo chake cha mwaka 1939. Badala yake alimlinganisha mtu na watu wa rika lake. Kwanza kipimo hufanywa na kundi kubwa lililochaguliwa ili liwakilishe jamii. Wastani wa kila rika hupewa 100, na alama hupangwa ili hatua moja ya kawaida ya mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyoachana na wastani, iwe pointi 15. Hivyo karibu watu 68 kati ya 100 huangukia kati ya 85 na 115, na karibu 95 kati ya 70 na 130. Wanaovuka 130 ni kama wawili kwa mia.

Kwa hiyo IQ ya leo si mgawanyo tena, ingawa jina limebaki. Ni nafasi yako kwenye foleni ya watu wa umri wako. Yule mtoto wa 92 yuko karibu nafasi ya 30 ukihesabu kutoka chini katika foleni ya watoto 100. Hilo ni eneo la wastani, pamoja na umati mkubwa wa wenzake.

Je, mwenye IQ ya 120 ana akili mara mbili ya mwenye 60?

Hapana. Uzito una sifuri ya kweli: kilo 0 ni kutokuwa na uzito. IQ haina sifuri ya namna hiyo. Huwezi kusema nyuzi joto 40 ni moto mara mbili ya nyuzi 20, na hapa ni vilevile.

Ndani ya chumba cha kupimia kunatokea nini?

Wengi hudhani ni mtihani wa karatasi na kalamu. Kipimo kamili ni mazungumzo ya watu wawili mezani, kwa saa moja hadi moja na nusu.

Mtoto anapewa michemraba tisa ya rangi nyekundu na nyeupe. Pande nyingine ni nyekundu tupu, nyingine nyeupe tupu, na nyingine zimegawanywa kwa mshazari, nusu hii nusu ile. Anaonyeshwa picha ya pambo na kuambiwa alijenge. Mpimaji anabonyeza saa, kisha ananyamaza. Hapo ndipo pana mambo mengi kuliko alama zitakavyosema. Mtoto mmoja anageuza kila mchemraba mara kumi akibahatisha. Mwingine anakaa kimya sekunde tano, anachora mistari hewani kwa kidole kuigawa picha, kisha anajenga bila kurudi nyuma. Wa tatu anakaribia kumaliza, anaona kosa moja, anabomoa kila kitu na muda unaisha. Kwenye fomu, wa tatu anaweza kupata sifuri kwa pambo hilo. Mpimaji mzuri huandika pembeni alichokiona.

Kisha zinakuja tarakimu. "Nitakutajia namba, wewe uzirudishe kinyumenyume. Nne, tisa, mbili, saba." Jibu ni saba, mbili, tisa, nne. Jaribu mwenyewe kwa tarakimu sita utahisi namna kichwa kinavyoshika upande huu huku upande mwingine ukiponyoka. Hiyo ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kuna pia kueleza maana za maneno, kusema vitu viwili vinafanana kwa lipi, kukamilisha safu ya maumbo, na kunakili alama haraka kadiri inavyowezekana ili kupima kasi.

Mwisho hupatikana alama kadhaa za makundi pamoja na ile moja ya jumla. Makundi yakipishana sana, kwa mfano maneno 118 na kasi 82, namba ya jumla haimwelezi mtoto huyo vizuri, na mtaalamu makini atakwambia uangalie makundi.

Vipo pia vipimo visivyotumia maneno. Maarufu zaidi ni kile cha John Raven cha miaka ya 1930: maumbo yaliyopangwa kwa safu, moja limeondolewa, nawe unachagua linalostahili kukaa pale penye pengo. Toleo la kawaida lina mafumbo 60.

Kipimo hiki kinaaminika kiasi gani?

Hapa kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni uthabiti: ukipimwa tena utapata alama ileile? La pili ni uhalali: je, kinapima kweli kile kinachodaiwa?

Kwa uthabiti, vipimo vikubwa vya mtu mmojammoja viko imara kuliko karibu chochote kingine katika saikolojia. Hata hivyo kila alama ina makosa ya kipimo. Ile 92 inasomwa vizuri zaidi kama "kati ya 87 na 97 hivi". Jambo hilo linaweza kuwa suala la uhai. Jimbo la Florida lilikuwa limeweka mpaka kwenye 70: mfungwa aliyehukumiwa kifo akipata alama ya juu ya hapo, hakuruhusiwa kuleta ushahidi mwingine wa ulemavu wa akili, ambao ungemwokoa na kifo. Freddie Lee Hall alikuwa amepata 71. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa kanuni hiyo kwa sababu ilipuuza makosa ya kipimo, ambayo wataalamu wenyewe wanayakiri.

Uthabiti wa muda mrefu ulionekana Uskoti. Tarehe 1 Juni 1932 karibu watoto wote wa shule waliozaliwa mwaka 1921, zaidi ya 87,000, walifanya mtihani mmoja siku moja. Kumbukumbu zikahifadhiwa. Tarehe 1 Juni 1998 Ian Deary na wenzake waliwakusanya wazee 101 mjini Aberdeen wakawapa mtihani uleule, wakiwa na miaka 77. Uwiano kati ya alama za utotoni na za uzeeni ulikuwa 0.63, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda pamoja kikamilifu. Kwa pengo la miaka 66, huo ni uwiano mkubwa. Lakini pia si 1: wapo waliopanda sana na walioshuka sana.

IQ inatabiri mafanikio ya maisha?

Inatabiri kiasi. Uwiano wake na alama za shule ni kama 0.5. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 0.25, maana yake takriban robo ya tofauti za alama kati ya wanafunzi huenda sambamba na tofauti za IQ. Robo si kitu cha kudharau. Hakuna kipimo kingine kimoja cha kisaikolojia kinachofanya vizuri zaidi. Robo tatu zilizobaki zina bidii, afya, walimu, utulivu wa nyumbani, hamu ya kujifunza na bahati.

Na hizo ni habari za makundi. Ukiwa na mtoto mmoja mbele yako, namba haiwezi kukwambia atakuwa nani.

Akili ni ya kurithi?

Tafiti za mapacha na watoto walioasiliwa zinaonyesha kwamba jeni zina nafasi kubwa. Mapacha wanaofanana kabisa hukaribiana alama kuliko mapacha wasiofanana, hata wakilelewa mbalimbali. Kiwango cha urithi hupanda kwa umri: karibu asilimia 20 katika utoto wa mapema, na kuzidi asilimia 50 kwa watu wazima katika tafiti nyingi.

Asilimia hiyo husomwa vibaya kuliko namba nyingine yoyote katika saikolojia. Haimaanishi kwamba nusu ya akili yako imetoka kwa wazazi na nusu umeipata mtaani. Inaeleza tofauti kati ya watu, ndani ya kundi fulani, katika mazingira fulani. Fikiria mahindi. Panda mbegu mchanganyiko kwenye shamba lenye rutuba sawa, maji sawa na jua sawa: tofauti zote za urefu zitatokana na mbegu. Chukua gunia lilelile upande kwenye udongo uliochoka: huko nako tofauti zitakuwa za mbegu, lakini shamba zima litakuwa fupi. Sababu ya mashamba hayo mawili kutofautiana ni udongo mtupu.

Udongo kwa binadamu umeonekana Uswidi. Watafiti walilinganisha ndugu wa kiume ambao mmoja aliasiliwa na mwingine akabaki kwa wazazi waliomzaa, wakitumia vipimo vya kuingia jeshini. Aliyeasiliwa, ambaye kwa kawaida alienda kwenye familia yenye elimu zaidi, alimzidi nduguye kwa wastani wa pointi 4 hivi. Damu moja, nyumba tofauti.

Jeni ya akili, kwa umoja, haipo. Ni maelfu ya tofauti ndogo za kinasaba, kila moja ikichangia chembe tu.

Je, inaweza kuongezeka?

Ndiyo, na njia iliyothibitishwa zaidi ni shule. Mwaka 2018 Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walijumlisha tafiti zilizohusu watu zaidi ya 600,000 na kukuta kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo uliongeza takriban pointi 1 hadi 5. Afya nayo ina mchango wake. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito hudhuru ubongo wa mtoto, na kuyatia kwenye chumvi ni hatua ya bei ndogo yenye faida isiyopimika. Madini ya risasi, yaliyokuwa kwenye petroli na rangi za nyumba, hupunguza alama hata kwa kiasi kidogo mwilini.

Kuna pia mabadiliko ya jamii nzima. James Flynn wa New Zealand alionyesha miaka ya 1980 kwamba alama zilikuwa zikipanda karibu pointi 3 kila miaka 10 katika nchi nyingi. Ndiyo maana vipimo husawazishwa upya: wastani lazima urudishwe kwenye 100. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo. Tumesoma zaidi, tumekula vizuri zaidi, na tumezoea kufikiri kwa mafumbo na makundi ya vitu. Norway imeshuhudia alama zikishuka kwa waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970, hata kati ya ndugu wa nyumba moja, kwa hiyo huko nako sababu ni mazingira.

Michezo ya simu ya "kunoa ubongo" hukufanya hodari wa mchezo huo. Ustadi huo hauvuki kwenda mbali. Na ile imani kwamba muziki wa Mozart huwaongezea watoto wachanga akili ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Nafuu yao ilihusu mafumbo ya maumbo pekee na ilidumu dakika chache.

Kipimo kilichotungwa kwa jamii moja kinaifaa nyingine?

Swali hili limeumiza watu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari, na hadi vita vinaisha walikuwa wamepimwa kama milioni 1.7. Waliokuwa hawajui kusoma walipewa picha zenye kitu kilichokosekana. Moja ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Nyingine ilikuwa gramafoni isiyo na pembe lake. Mhamiaji kutoka kijiji cha Ulaya kusini, ambaye hajawahi kuona tenisi wala gramafoni, alikosa, na kukosa kwake kukaandikwa kuwa upungufu wa akili. Takwimu zenyewe zilionyesha kwamba kadiri mhamiaji alivyokaa nchini miaka mingi ndivyo alama zilivyopanda. Bado mwanasaikolojia Carl Brigham alitoa kitabu mwaka 1923 kilichodai kwamba watu wa mataifa fulani ni duni kwa asili. Mwaka 1930 aliyakana maandishi yake. Katikati ya hapo, mwaka 1924, sheria ya kuwazuia wahamiaji hao ilishapitishwa, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ikaruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi Carrie Buck, msichana aliyetajwa kuwa "punguani".

Tafiti makini zaidi zilikuja baadaye. Joseph Glick na wenzake waliwapa wakulima wa kabila la Kpelle nchini Liberia vitu wavipange. Waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho hukata chungwa. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili hupanga, walisema. Walipoulizwa mjinga angepangaje, waliweka vyakula upande mmoja na vifaa upande mwingine, sawasawa na jibu ambalo kipimo kililihesabu kuwa sahihi. Uwezo ulikuwepo muda wote. Swali ndilo lilikosea mlango.

Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi moja ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kuunda magari ya kuchezea, wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi wakatoka sawa. Na miongoni mwa Waluo wa Kenya, watafiti walikuta maneno manne yanayoigusa akili: rieko, yaani maarifa na ujuzi, luoro, heshima, winjo, kusikia na kuelewa, na paro, kuwaza na kuanzisha jambo. Vipimo vya kishule viliendana na rieko pekee.

Kipimo kinaweza kutumika mahali pengine kikitafsiriwa na watu wanaoijua lugha, kikajaribiwa upya, na kikasawazishwa kwa watu wa hapo. Kutafsiri maneno tu na kubaki na wastani wa nchi nyingine ni kumpima mtu kwa rula ya mwenzake.

Wanaume na wanawake wanatofautiana?

Kwa alama ya jumla, tofauti ni ndogo mno au haipo. Wanaume huzidi kwa wastani katika kuzungusha maumbo kichwani, wanawake katika wepesi wa maneno na kasi ya kunakili alama.

Akili ya hisia ni akili kweli?

Peter Salovey na John Mayer waliielezea mwaka 1990 kama uwezo wa kutambua hisia, kuzielewa na kuziongoza. Ikipimwa kwa kazi zenye majibu, kama kutambua hisia usoni, ina msingi. Dodoso zinazomtaka mtu ajipe alama mwenyewe hupima zaidi tabia na anavyojiona.

Nimefanya jaribio la mtandaoni nikapata 138. Niliamini?

Hapana. Hujui ulilinganishwa na nani, hakuna aliyeona ulivyofanya, na mengi hutoa alama za juu ili ulipie cheti.

Mtoto wangu amepata alama ya chini. Nifanye nini?

Kwanza, namba peke yake haitoshi kusema mtoto ana ulemavu wa akili. Mbali na alama ya 70 hivi au chini, mtaalamu lazima aone kwamba mtoto anapata shida halisi katika maisha ya kila siku: kujihudumia, kuwasiliana, kuishi na wenzake. Anayepata 68 lakini anajimudu nyumbani na mtaani hastahili kupewa jina hilo.

Pili, rudi kwa aliyempima umuulize. Alitumia kipimo gani, na kimesawazishwa kwa watoto wa wapi, mwaka gani? Alama za makundi zinasemaje, wapi yuko juu na wapi yuko chini? Lugha ya kipimo ndiyo anayoiota mtoto usiku, au ni ya darasani tu? Macho na masikio yake yalipimwa kabla? Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana haelewi, na hilo limewahi kupita bila kugunduliwa kwa miaka. Uliza pia ilikuwa saa ngapi, alikuwa amelala vizuri, na alikuwa amekula. Kisha mwombe akueleze alichokiona wakati mtoto akiijenga ile michemraba.